Kidonge cha Shingo na Sukari ya Mastura

Mastura wa Bofu, Likoni, aliishi na ugonjwa wa sukari kwa miaka tisa. Kila siku alijidunga sindano ya insulini, na hakuwa mtu wa kusahau. Asubuhi alikaanga mahamri na kuyauza mlangoni pake. Yeye mwenyewe hakula hata moja. Chai yake haikutiwa sukari.

Mumewe, Mansur, alikuwa seremala. Binti yao Ummi alikuwa ameolewa Kisauni, kwa hivyo nyumbani walibaki wawili tu.

Mwaka huo Mastura alianza kuchoka ovyo. Uso ulimvimba. Nywele zilikatika. Februari, watu wakitokwa na jasho, yeye alijifunika leso mbili. Akaenda kwenye zahanati moja ya karibu, si ile kliniki yake ya sukari. Walimpima damu, wakamwambia kuwa tezi yake ya shingoni, iitwayo dundumio, imelegea. Wakampa vidonge. Ameze kimoja kila alfajiri kabla ya kula.

Hawakumwuliza kama ana ugonjwa wa sukari. Naye hakusema. Aliona shingo ni jambo moja, na sukari ni jambo jingine.

Baada ya wiki chache alianza kupata nafuu. Uso ulinywea, na uchovu ukapungua. Lakini alishikwa na kiu isiyokatika, na usiku aliamka mara nne kwenda msalani.

Kafedha, mhudumu wa afya wa mtaa wao, alikuja kumpima kama ilivyo desturi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kafedha alimchoma kidole, akatazama mashine, akapima tena.

"Kumi na saba, mama. Mara ya mwisho ilikuwa nane. Umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu, wallahi."

"Basi kesho uende kliniki. Usikae nayo hii."

Mansur alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Kafedha alipoondoka, akaingia.

"Mama Ummi, unakula nini nisipokuwapo?"

"Nakula unachokiona."

"Sukari haipandi yenyewe. Unashinda na mahamri mchana kutwa, kisha unasema huyali? Kliniki utaenda kufanya nini, kunitia aibu? Acha kwanza kula vitamu."

Mastura hakwenda kliniki. Alipunguza chakula mpaka akawa anakula mara moja kwa siku. Alikonda, na macho yakaanza kuona ukungu. Kiu haikuondoka.

Ijumaa moja walialikwa kwa Barke, dadake Mansur. Jamaa wote walikuwapo. Sinia ya tende ilipofika mbele ya Mastura, Mansur alinyosha mkono akaizuia.

"Huyu msimpe. Kwangu anakula vitamu kwa wizi."

Watu wengine walicheka. Barke akasema, "Wifi, na umri huo wote?"

Mastura aliinamisha kichwa. Tangu siku hiyo hakumwambia mumewe tena jambo lolote kuhusu mwili wake.

Ndiyo sababu hakusema alipomwagikiwa na mafuta ya moto mguuni. Hakusikia maumivu mengi, maana sukari ya miaka mingi ilikuwa imeitia miguu yake ganzi. Aliosha kidonda, akakifunga kitambaa, akavaa soksi. Zilipita wiki mbili.

Kafedha aliporudi, alinusa harufu kabla hajaketi.

"Mama, vua soksi."

"Ni kidonda kidogo tu."

"Vua, mama, tafadhali."

Vidole viwili vilikuwa vimegeuka vyeusi. Kafedha alitoka nje akatafuta gari, akampigia Mansur simu aje hospitali.

Sukari ilikuwa ishirini na sita. Jioni hiyohiyo vidole viwili vilikatwa. Daktari aliwaambia kuwa lau wangechelewa siku chache, ungekatwa mguu.

Siku ya tatu tabibu aitwaye Jefwa alimwambia Mansur, "Nenda nyumbani, uniletee dawa zake zote. Zote, hata asizozitumia tena."

Mansur alileta mfuko wa plastiki. Jefwa akazitoa moja moja, akashika pakiti ya vidonge vya shingo.

"Hizi ulianza lini, mama?"

"Mwezi wa pili."

"Na sukari ikaanza kupanda lini?"

Mastura alifikiri. "Mwezi wa tatu."

Jefwa alivuta kiti, akaketi karibu na kitanda.

"Sikilizeni. Dundumio ndiyo inayouendesha mwili. Ikilegea, mwili wote huenda polepole, na hata insulini hukawia kuisha mwilini. Kwa hivyo insulini kidogo hutosha. Ukianza kidonge hiki, mwili huamka. Insulini huisha upesi, na sukari huongezeka kwenye damu. Kipimo kilichotosha jana, leo hakitoshi. Haimpati kila mgonjwa, lakini mwenye sukari akianza dawa hii hupimwa mara kwa mara, na dawa yake ya sukari hurekebishwa."

"Basi sitakimeza tena," Mastura alisema.

"La, mama. Ukikiacha, ule uchovu utarudi, na moyo utaumia. Tena sasa nakuongezea insulini. Ukiacha kidonge na huku unajidunga kipimo kikubwa, sukari inaweza kushuka mno ukazimia. Usiache dawa wala usibadilishe kipimo peke yako. Njoo tuseme."

Mansur alikuwa bado ameshika ule mfuko mtupu.

"Daktari, mimi nilidhani anakula vitamu kwa siri."

"Mimi sikuwa kwenu kujua alichokula," Jefwa alisema. "Lakini kidonge hiki kinaweza kuipandisha sukari ya mtu ambaye hakuonja hata kijiko. Ilifaa aletwe siku ile ile mashine iliposema kumi na saba, kama alivyonieleza Kafedha."

Mansur alimtazama mkewe. Mastura aligeuza uso akatazama ukuta.

Alikaa hospitali siku kumi na moja. Alipotoka, Kafedha alimfundisha Mansur kupima sukari na kukagua miguu. Kila asubuhi Mastura alimeza kidonge chake, akangoja saa nzima, kisha akala. Mansur alipima na kuandika daftarini. Kumi na mbili. Kumi. Tisa. Baada ya miezi miwili ilikuwa saba. Macho yalipata nuru, kiu ikakoma. Kila alipoingia kwa daktari yeyote, Mastura alisema kabla ya kuulizwa, "Nina sukari, na natumia dawa ya dundumio."

Ijumaa moja Mansur aliwakusanya jamaa kwa Barke. Alisimama mbele yao.

"Hapa hapa nilisema mke wangu ni mwizi wa vitamu. Nilisema uwongo. Alikuwa mgonjwa, naye alinambia, nikakataa kumsikia."

Barke alilia, akamshika Mastura mkono amtake radhi.

"Nimewasamehe," Mastura alisema. "Lakini vidole vyangu vimekwisha kuzikwa."

Kisha akaomba fimbo yake, akainuka, akaenda nyumbani akichechemea.