Wakili Aliyeihesabu Eda ya Mwenziwe

Ndugu zangu wa Tanga, wa msikitini na wa kanisani, haya nawaambieni kwa kuwa yanatuhusu sote.

Wakili Ibrahimu wa Chumbageni alikuwa na nyumba yenye utulivu. Asubuhi alikula mkate wa kumimina pamoja na wazazi wake waliokaa naye, mamaye Bi Sabiha akamwombea dua, ndipo akaenda kuwatetea waajiri. Kazi halali hiyo, mwajiri naye ana haki zake. Ubaya ni namna alivyoshinda siku moja.

Nasma alikuwa akipiga brashi singa, zile nyuzi za mkonge, kiwandani. Alifiwa na mume, akakaa eda ya mjane ndani ya nyumba, miezi minne na siku kumi. Akiwa ndani akaletewa barua: amefukuzwa kwa utoro. Alipotoka eda akaenda kushtaki kwenye baraza la usuluhishi wa kazi, kumbe sheria ilimpa siku thelathini tu tangu afukuzwe. Akaomba asikilizwe hivyo hivyo, maana alikuwa edani. Msuluhishi alikwisha kulegea, Ibrahimu akainuka.

"Bibi, siku ya kumi na mbili ya eda hukutoka?"

"Nilitoka, baba. Mwanangu alishikwa na degedege, nikamkimbiza hospitali."

"Kumbe miguu ina nguvu! Hospitali imefika, hapa ndipo ikachoka?"

Watu wakacheka. Ombi likatupwa. Nasma akasema taratibu, "Wewe Muislamu mwenzangu. Dharura unaijua."

Haikupita miezi miwili, babake Ibrahimu akafariki. Bi Sabiha akaingia eda. Tangu hapo, kila alfajiri Ibrahimu alisikia tasbihi ya mamaye ikigonga ukutani, na nyuma yake kile kicheko cha barazani. Mara nyingine aliona mwanamke amekaa kwenye kona, kampa mgongo. Akisogea, hakuna mtu.

Siku moja mama akabanwa na kifua.

"Mama, gari liko tayari, twende hospitali."

"Siendi. Wasije wakasema miguu yangu ina nguvu."

 Kumbe waliokuja kuhani msiba walikwisha kumsimulia mama yote.

"Mama, nakuomba."

"Niletee daktari humu humu. Kisha katafute radhi ya yule mwanamke, ndipo utafute yangu."

Akamleta daktari, mama akapata nafuu. Kesho yake Ibrahimu akamfuata Nasma kijijini Ushongo, alikokuwa akianika dagaa kwa kakaye. Akapiga magoti mchangani.

"Inuka, baba, watu wanatazama. Mimi nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Lakini kiwandani hukumu ile imebandikwa ukutani. Mwenzangu wa kazi, Nasra, kafiwa na mume Jumatatu, leo yuko kwenye mashine, kaogopa kukaa eda. Naye utamwambia nini?"

Ibrahimu akaenda mbio kwa meneja kuomba karatasi ibanduliwe. Meneja akacheka.

"Wakili, si wewe uliyetufundisha?"

Ibrahimu akakataa kuwatetea tena. Wakatafuta wakili mwingine, naye anaisoma karatasi ile ile barazani. Bi Sabiha alipomaliza eda alihamia kwa bintiye huko Muheza. Chumba chake kitupu, lakini alfajiri Ibrahimu bado anasikia tasbihi. Anahesabu nayo wajane walioko kazini siku za eda, na idadi inazidi.

FUNZO

Enyi mliosoma, elimu ni amana. Usimvunje mnyonge kwa ibada yake ili ushinde shauri. Aliyeumia anaweza kukusamehe, lakini neno ulilolitoa haliombi ruhusa yako linapokwenda kumuumiza mwingine.