Kofia Iliyokaukia Kichwani

Kofia aliyoileta mteja, Lenox, ilikunywa rangi yote ya maruni, ikatoka sufuriani ikiwa kijivu vilevile. Maji yalibaki meupe, ungeweza kuyapikia chai. Milcah, ambaye amepaka rangi kofia za felti huko Kabiria mpaka kucha zake zimesahau rangi ya kuzaliwa, alilaumu siki. Fundi hulaumu vifaa kwanza.

"Wacha basi niipe shepu," alimwambia mumewe, Were.

Hakuwa na kibao cha kuundia kofia cha saizi ile, kwa hivyo alifanya alivyozoea: akaivaa ikiwa mbichi, ikaukie kichwani. Felti mbichi hufuata kichwa. Hii ilikataa kufuata.

Ilipokauka haikuvulika. Chumba kilinuka tumbaku ya kiko, na hapo ndani havuti mtu. Were alipoushika ukingo, mfupa wa paji la mkewe ulisogea chini ya ngozi, polepole, na sauti ya mzee ikatoka kinywani mwake: "Wacha kichwa yangu."

Were alimpigia Lenox simu, akinong'ona. "Buda, hii kofia ni ya nani?"

"Ya mzee wangu. Tulimzika juzi."

"Na mlinyoa nywele?"

"Tungengoja mpaka lini? Niko na harusi, bro."

Kwao, kama kwa kina Were, nguo ya marehemu haiguswi kabla jamaa hawajanyolewa. Lenox alijua. Anaishi Kileleshwa, si mwezini.

Asubuhi alikuja Phoebe, shangazi yake Were, aliyezoea kufukuza pepo. Alimtazama Milcah, akashusha sauti. "Huyu hafukuzwi, mwanangu. Anaombwa msamaha. Kijana wake apige magoti, mzee arudi kwa kofia yake mwenyewe, halafu tumpeleke nyumbani nayo. Niletee tu huyo kijana."

"Na Milcah atarudi, senje?"

"Atarudi."

Lenox alifika na viatu vinavyong'aa, akasimama mlangoni. Milcah alimgeuzia uso ambao sasa ulikuwa mpana kuliko wake wa kawaida, mashavu yamelegea, jicho moja limefumba kama la mtu anayevuta kiko, akamwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mtu wa Nairobi aliyelijua, akamuuliza mbona hakunyoa, mbona alimvua kofia hata kabla udongo haujakauka, na Lenox, badala ya kupiga magoti, aliruka, akainyakua kofia kwa mikono miwili huku Milcah akilia kwa sauti mbili, akaitupa kwenye jiko la makaa lililokuwa chini ya sufuria.

Felti ilishika moto upesi. Lenox alitoroka.

"Imetoka!" Were alisema, akimkumbatia mkewe. "Senje, imetoka!"

Phoebe alikuwa ameshika mdomo. "Amechoma nyumba ya babake," alisema. "Sasa mzee atarudi wapi?"

Milcah alifungua macho. Alimsukuma Were kwa adabu, kama mtu anavyomsukuma mgeni.

"Kijana," alisema, "niitie mke wangu aniletee chai."