Mate ya Mzee wa Mwambani

Harufu ya ugoro ndiyo iliyomshtua Gitonga, kwa sababu mahali alipokuwa hapakuwa na mtu wa kunusa ugoro. Alikuwa peke yake juu ya mgongo wa mlima, huko Blue Mountains, magharibi ya Sydney, mikono yote miwili imeng'ang'ania jiwe na mguu mmoja ukitafuta pa kukanyaga. Kushoto bonde, kulia bonde, na mbele yake mwamba mwembamba ambao mtu huupita kwa kutambaa. Tangu asubuhi upepo ulikuwa ukinukia mikalitusi. Ghafla ukaleta ugoro, ule mkali wa Meru uliochanganywa na magadi, uliokuwa haubanduki kwenye koti la baba yake.

Baba yake alikuwa amefariki mwezi wa Agosti, mipaka ya Australia ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona. Gitonga aliyaona maziko kwenye simu, katika chumba cha mapumziko cha nyumba ya wazee anakofanya kazi, mtaa wa Granville, Sydney. Mtandao ulikatika jeneza likishushwa. Hakulia. Alibadilisha barakoa, akarudi kumwosha mzee wa watu. Basi Sydney ilipofunguliwa, alichukua siku yake ya mapumziko, akamwacha mkewe Jerusha na binti yao mchanga, Kendi, nyumbani Toongabbie, akaenda kuparamia miamba mahali ambapo hakuna atakayemsikia. Na alilia kweli. Alipanda akilia, akimwita baba yake kwa sauti kubwa kama mtoto aliyepotea sokoni.

Kilichomuuma zaidi ni Kendi. Kwao mzee humtemea mjukuu mate kifuani, matone tu, kumbariki. Babu alikuwa akisema kwenye simu kila mara, mlete nimtemee mate, mlete. Hakuletwa.

Alipoumaliza ule mwamba wa kutambaa, akamwona mzee ameketi juu ya jiwe bapa, koti la kijivu, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Mtu mwenye akili zake angegeuka hapo hapo. Lakini Gitonga alikuwa na kilio cha miezi kifuani, na akili zilikuwa zimemruka. Alipiga magoti, akaivuta fulana yake mbele.

"Baba, nibariki," akasema. "Mimi na mtoto wangu Kendi."

Mzee aliinua kidevu. Alivuta makohozi kutoka mbali, kwa muda mrefu ambao mapafu ya mtu yasingeuweza, kisha akatema. Hayakuwa matone. Yalikuwa mazito, ya kahawia, yenye vuguvugu, yakamwagika kifuani na kuteremka hadi kitovuni yakinuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Gitonga alifumba macho kwa kinyaa. Alipoyafumbua, jiwe lilikuwa tupu, na ng'ambo ya jiwe lile hapakuwa na njia, palikuwa na genge tu.

Aliteremka akijiambia kwamba ni jua, ni njaa, ni msiba. Nyumbani hakusema kitu. Alimwambia Jerusha kwamba matembezi yalikuwa mazuri.

Ila fulana ilikataa kukauka. Aliifua kwa maji moto, akaifua kwa dawa ya madoa, akaianika juani, na jioni alipoigusa pale kifuani kulikuwa na ule utelezi, bado una vuguvugu kana kwamba umetoka mdomoni wakati huo. Akaitupa kwenye pipa la taka. Asubuhi aliikuta imeanikwa kwenye kamba. Jerusha aliapa kwamba hakuigusa, na kwamba hawezi hata kuisogelea kwa uvundo wake.

Kazini barakoa zake zikaanza kulowa. Alikuwa akitoa mpya kwenye boksi, akiivaa, na kabla hajafika kitanda cha pili ilikuwa imeloa kwa ndani, mate mazito yasiyo yake yanayomgusa midomo, yenye ladha ya ugoro. Alipima korona, hakukutwa nayo. Chai ikawa na utando, ugali ukateleza kooni kabla hajautafuna, na Jerusha akamtania kwamba siku hizi anatema kushinda mwanamke mwenye mimba changa. Gitonga alicheka naye, kisha akaenda chooni kutapika.

Lakini hayo yote angeyavumilia kama si jioni ile alipompakata Kendi baada ya kuogeshwa, mtoto anacheka kwa fizi tupu, kifua chake kidogo bado kina unyevunyevu, na Gitonga akahisi mdomo wake unajaa, unajaa bila yeye kutaka, mashavu yanatuna, koo linajivuta lenyewe kwa ile sauti aliyoisikia mwambani, na shingo yake inainama polepole kuelekea kifuani kwa mtoto huku yeye ndani akipiga kelele ambazo hazitoki, mpaka akapata nguvu kidogo ya kugeuza uso, na yote yaliyokuwa mdomoni yakamwagika kwenye zulia, ya kahawia, na ndani yake mlikuwa na unywele mrefu mweupe.

Hapo akashuka ngazi kwenda kwa Mama Chibalonza, jirani yao Mkongomani, ambaye watu wa kanisa lao humwita kuombea nyumba zilizochafuka. Walizungumza mlangoni kwa minong'ono, kila mmoja na barakoa yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa kwenye kifua cha Gitonga.

"Papa Kendi, ni wewe ulimuomba baraka?"

"Ni mimi, Mama."

"Na jina ya mutoto ulitaja?"

Gitonga aliitikia kwa kichwa.

"Donc, basi, haikukufuata wewe," Mama Chibalonza akasema, sauti yake imeshuka kabisa. "Ile kitu ilisikia kilio yako, ikavaa baba yako. Inatafuta mutoto. Wewe ni mulango tu."

Akamweleza la kufanya. Arudi mchana kule kule, aiweke fulana juu ya lile jiwe, aseme kwa kinywa chake kwamba baba yake amekufa na amezikwa, na kwamba huku hana baba. Na mkewe asimfungulie mzee yeyote.

Jerusha aliposimuliwa alimvuta Kendi kifuani. Aliapa kwamba hata aje baba mkwe mwenyewe na sauti yake, mlango haufunguki.

Gitonga akapanda tena. Siku hiyo hakulia. Alipanda ameuma meno, fulana ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ikimlowesha mgongo kupitia begi. Kwenye ule mwamba mwembamba alitambaa kwa tumbo, akinusa, lakini kulikuwa na mikalitusi tu. Jiwe lilikuwa tupu. Akaitandaza fulana, akasimama.

"Baba yangu amekufa," akasema. Maneno yalimkwaruza. "Tumemzika. Huku sina baba."

Na palepale mbele ya macho yake fulana ikaanza kukauka. Doa likajikunja kutoka pembeni, likawa kama kiganja, likawa kama sarafu, likatoweka. Aliigusa. Ilikuwa kavu, safi, inanukia sabuni. Gitonga akakaa chini na kucheka, na sasa machozi yakamtoka ya furaha, akatoa simu kumpigia Jerusha.

Jerusha alichelewa kupokea. Alipopokea, sauti yake ilikuwa na kicheko, kisha kikakatika.

"Baba Kendi, mbona unanipigia ukiwa bafuni?"

"Bafuni wapi? Niko mlimani. Jerusha, ni nani uliyemfungulia?"

"Nimekufungulia wewe." Alianza kunong'ona. "Umeingia sasa hivi. Ukamchukua mtoto, ukasema imekwisha, sasa unaweza kumbariki vizuri. Uko naye humo ndani."

Gitonga alimwambia avunje mlango. Alisikia simu ikianguka, miguu ikikimbia, ngumi zikigonga ubao. Kendi alikuwa akicheka, kile kicheko chake cha fizi. Kisha ndani ya simu, karibu kabisa na sikio la Gitonga, mtu akaanza kuvuta makohozi kutoka mbali, bila haraka.