Esansi ya Dédé

Adolphine hakupenda mtu aseme vibaya juu ya Dédé. Dédé alikuwa mdogo wake wa mwisho. Mama yao alipokufa, Dédé alikuwa hajajua kutembea, na Adolphine ndiye aliyembeba mgongoni. Sasa Dédé alikuwa mwanaume wa miaka ishirini na minane. Alikuwa na meza yake kando ya barabara inayokwenda Karavia. Juu ya meza alipanga chupa za plastiki zilizojaa esansi, ile petroli ya pikipiki na magari. Wauzaji kama yeye, watu wa Lubumbashi huwaita kadhafi. Hawana pampu. Wana chupa, bidoni, yaani madumu, na kipande cha mpira cha kunyonyea.

Mume wa Adolphine aliitwa Ngosa. Alibeba watu kwa pikipiki, na pikipiki hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yao nyuma ya mtaa wa Makomeno. Kila asubuhi alinunua esansi kwa shemeji yake.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, baridi ilikuwa kali. Ngosa alipiga kiki mara moja, mara mbili, mara tano. Pikipiki ilikohoa, ikatoa moshi mzito, ikazima.

"Iko na nini?" Adolphine aliuliza kutoka mlangoni.

"Sijue. Constantin aliitengeneza samedi, siku tatu tu zimepita. Buji ya kuwashia moto iko mupya. Naona kama esansi njo mubaya."

"Esansi ya nani?"

Ngosa akaiinamia pikipiki.

"Nimekuuliza, esansi ya nani? Ya Dédé? Sema tu! Dédé njo alilipa masomo ya Cathy mwaka ulipita. Weye unataka mutoto wa mama yangu alale na njaa, uende kutajirisha bantu ba station?"

"Sikusema vile, mama Cathy."

"Njo umesema!"

Binti yao Cathy alitoka ndani, daftari mkononi. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili kwenye chuo kikuu cha Kasapa, na siku ile alikuwa na mtihani. "Papa, tutachelewa," alisema. "Mama, acha kwanza." 

Ngosa alipiga kiki tena, na pikipiki ikawaka. Njiani, Cathy akiwa nyuma yake, alisimama kwa Dédé, akatia chupa mbili, kama kila siku.

Haikupita saa moja, simu ya Adolphine ikalia. Alikuwa Guelor, motari, mwendesha pikipiki mwenzake Ngosa.

"Mama Cathy, usiogope. Bwana na mutoto beko bazima. Lakini kuya ku hôpital sasa hivi."

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Kwenye njia panda ya kwenda Kasapa, Ngosa aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaingia barabarani. Katikati ya barabara motere, injini ya pikipiki, ilizima ghafla. Lori lililobeba mzigo wa mgodini lilikuwa linakuja. Dereva alipiga honi, akakanyaga breki. Ngosa alisukuma pikipiki kwa miguu. Cathy alijaribu kuruka, akaanguka, na pikipiki ikamwangukia mguuni. Lori lilisimama hatua moja kutoka kichwa chake.

Mfupa ulivunjika chini ya goti. Adolphine alimkuta Cathy kitandani, mguu umefungwa plasta. Alikuwa analia, lakini si kwa maumivu.

"Mama, mtihani wangu umeenda," alisema.

Ngosa alikaa kwenye benchi. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimechubuka. Alitazama chini.

Adolphine hakulia. Machozi hayakupata nafasi, kwa sababu kifua chake kilijaa hasira. Nani aliigusa pikipiki ile mara ya mwisho? Ni Constantin. Akajifunga kitenge vizuri, akatoka.

Constantin alikuwa fundi wa pikipiki, mtu wa zaidi ya miaka hamsini. Garaji yake ilikuwa kibanda cha mabati kwenye kona, na wateja walikaa nje juu ya matairi ya zamani. Motari wenzake Ngosa walikuwa wameshaisukuma pikipiki mpaka pale. Adolphine alianza kupiga kelele kabla hajafika.

"Muuaji weye! Unakula feza ya bantu, unabapatia kifo! Samedi unasema pikipiki iko bien, leo inamutupa mutoto wangu mbele ya lori! Ni fundi gani weye? Nani alikufundisha kazi?"

Wateja wote waligeuka. Constantin aliweka spana yake chini.

"Cathy iko namna gani?" aliuliza.

"Amevunjika muguu! Juu yako!"

"Pole, mama. Pole sana. Sasa, kama umemaliza kunitukana, kuya uone kitu. Kama haukumaliza, endelea, nitangoja."

Adolphine alikuwa hajamaliza. Lakini alisogea.

Kwanza Constantin alimwambia mama aliyechoma mahindi karibu naye asogeze mbali mbabula yake, jiko la makaa. Halafu akachukua chupa ya kioo iliyo wazi, ile ya mayonezi. Chini ya karibireta ya pikipiki kuna skrubu ndogo. Aliilegeza, na esansi iliyokuwa ndani ikashuka katika chupa. Akaiweka chupa juu ya meza.

"Tungoje kidogo," alisema. "Usiitikise."

Walingoja. Polepole esansi iligawanyika. Juu kulikuwa na rangi ya njano. Chini kulikuwa na kitu cheupe, na mpaka kati yao ulionekana wazi.

"Ile ya chini ni nini?" Adolphine aliuliza.

"Maji. Esansi iko nyepesi, inabaki yulu. Maji iko mazito, inashuka chini. Motere haitumike na maji. Maji ikiingia mu karibireta, motere inazima pale pale. Haikuulize kama uko mu kati ya barabara."

Adolphine aliitazama chupa.

"Bado," Constantin alisema. Alichana ukurasa mweupe wa daftari. Upande mmoja alidondosha tone la esansi kutoka tanki ya Ngosa. Upande wa pili alidondosha tone la esansi yake mwenyewe, aliyoinunua station. Baada ya dakika chache, tone la Constantin lilikauka kabisa. Karatasi ilibaki safi. Tone la Ngosa liliacha alama ya mafuta, kama karatasi iliyofungiwa samaki wa kukaanga.

"Esansi ya kweli inakauka, haiache kitu. Kama alama inabakia, bamechanganya na mafuta ya taa. Njo ile inaleta moshi. Njo ile inachafua buji. Unatia buji mupya, juma moja inakuwa nyeusi. Kisha bantu banasema: fundi ni mubaya."

"Rangi haiwezi kuonyesha?"

"Rangi inadanganya. Mu chupa, yote inaonekana muzuri."

Adolphine alijua jibu, lakini aliuliza. "Nani aliuzisha hii?"

Sasa hasira ilihamia kwa Constantin. Alipangusa mikono yake kwa nguvu na kitambaa.

"Unaniuliza miye? Nilimuambia bwana yako mara tatu! Nilimuambia: Ngosa, acha kununua pale, siku moja utakufa. Unajua alinijibu nini? Alisema: 'Constantin, nikinunua fasi ingine, mama Cathy atakasirika.' Njo vile alisema. Hapa, mbele ya hawa bantu."

Wateja waliangalia upande mwingine.

Adolphine alikaza kitenge chake kiunoni. Hasira yake ilikuwa haijapungua. Ilikuwa imegeuka tu, ikamrudia yeye mwenyewe, na iliuma zaidi kuliko ilipokuwa ya mtu mwingine. Aliona tena asubuhi ile: Ngosa anataka kusema, na yeye anamfunga mdomo.

"Nipatie ile chupa," alisema mwishoni.

"Utaenda nayo wapi?"

"Unajua."

Constantin alifunga kifuniko sawasawa. "Usipite nayo karibu na moto. Hata harufu yake tu inaweza kuwaka. Na usiimwange pale, hata kama umekasirika namna gani."

Jua lilikuwa limepanda alipofika kwenye meza ya Dédé. Motari watatu walikuwa wanangoja zamu yao. Adolphine aliweka chupa ya kioo katikati ya chupa za plastiki.

"Yaya, umetoka wapi sasa hivi?" Dédé aliuliza akicheka. Halafu akauona uso wa dada yake, akaacha kucheka.

"Dédé, hii ni nini?"

"Ni esansi."

"Angalia muzuri."

Dédé alitazama ule mpaka kati ya njano na nyeupe. "Maji, yaya, sijue. Labda inatokea mu fuu, ile pipa ya ule bwana ananiletea. Miye siweke maji."

"Na mafuta ya taa?"

Dédé akajikuna shingo. Motari mmoja akasogea karibu ili asikie.

"Nimekuuliza, Dédé. Na mafuta ya taa?"

"Yaya, bote banafanya vile," alisema kwa sauti ndogo. "Nisipochanganya, sipate kitu."

"Cathy iko ku hôpital. Muguu umevunjika. Motere ilizima mbele ya lori."

Mpira wa kunyonyea ulimtoka Dédé mkononi. Alikaa juu ya bidoni. "Cathy? Cathy yetu?"

"Ulifikiri ni motere ya bantu gani itazima? Ya bantu basiokuwa na batoto? Kila muntu anapita hapa iko na Cathy yake!"

Akawageukia motari.

"Munaona huyu? Ni mudogo wangu. Nilimubeba ku mugongo. Miye mwenyewe nilikuwa natuma bantu kununua hapa. Leo naambia nyie bote: musinunue hapa tena."

"Yaya! Unanipatisha haya mbele ya bantu!"

"Haya itakwisha. Mutoto akikufa, ile njo haikwishe."

Motari wa kwanza alikuwa ameshashika chupa yake. Aliirudisha mezani, akasukuma pikipiki yake, akaenda. Wa pili akamfuata. Wa tatu alimtazama Dédé, akatema mate chini, naye akaenda.

Kesho yake Adolphine alirudi garaji kwa Constantin. Wateja walikuwapo tena juu ya matairi. Alisema mbele yao: "Jana nilikutukana bure. Unisamehe." Maneno hayo hayakutoka kwa urahisi. Constantin aliitikia kwa kichwa.

"Sasa tununue wapi?" aliuliza Adolphine.

"Ngosa akipona mikono, twende pamoja."

Wiki ile ile walikwenda, wote watatu. Constantin hakuingia kwenye station ya kwanza. Lori kubwa la mafuta lilikuwa linateremsha mzigo pale.

"Lori likimwanga, uchafu na maji ya chini mu tanki inapanda," alieleza. "Ngoja masaa, ao nenda fasi ingine. Na uchague station yenye kuingia magari mingi. Pale esansi haikawie."

Station ya pili ilikuwa na magari mengi. Mfanyakazi wa pampu alishika bomba, akataka kuanza. Adolphine alinyoosha kidole kwenye namba za pampu.

"Ile haiko zero."

"Mama, ni kidogo tu, ni ya mwenye ametoka."

"Basi mupelekee! Rudisha ku zero!"

Watu wakageuka. Mfanyakazi alirudisha namba kwenye zero, ndipo akatia. Constantin alimwambia Ngosa aombe karatasi ya malipo na aitunze, kwa sababu mtu mwenye karatasi anaweza kurudi kulalamika. Kadhafi hatoi karatasi, na siku ya tatizo anaweza asionekane.

"Na kama iko penuri?" Ngosa aliuliza. "Siku esansi inakosekana mu ville yote?"

"Njo maana usingoje tanki ikauke. Ikifika nusu, jaza. Mwenye tanki kavu hachague, ananunua ile anakuta. Lakini usiweke bidoni ya akiba mu nyumba, fasi mama anapikia. Ile ni kuweka moto chini ya kitanda."

Ngosa alimtazama mke wake. "Mama Cathy, umesikia? Nitanunua hapa."

"Nunua," alisema Adolphine. "Na siku nyingine ukiona kitu kibaya, sema. Hata nikikasirika, sema."

Tangu siku ile moshi mzito uliisha. Buji ile ile ilifanya kazi miezi mitatu mizima. Ni kweli kwamba station ni mbali kuliko meza ya Dédé, na siku nyingine kuna foleni. Ngosa alisimama kwenye foleni. Motari wa kona yao walianza kubeba kipande cha karatasi nyeupe mfukoni, na muuzaji aliyekataa kudondosha tone walimpita. Mwezi wa tisa Cathy alifanya mtihani wake katika kipindi cha pili, magongo yameegemea ukuta nyuma yake. Alifaulu.

Dédé hakukanyaga kwao kwa majuma sita. Halafu Jumapili moja alikuja. Alisimama mbele ya Cathy, mikono nyuma.

"Cathy, miye njo nilichanganya. Niliacha kazi ile. Unisamehe."

"Nilisikia, mujomba," Cathy alisema. "Muguu unauma bado." Lakini Cathy alimsogezea mjomba wake kiti.

Siku hizi Dédé anauza makala, yaani makaa ya kupikia. Mwisho wa mwezi alimletea dada yake gunia zima, akalitua uani. Adolphine hakutoa pesa mara moja. Alikata kamba, akapindua gunia, akamwaga makala yote chini. Akainama, akachambua kwa mikono miwili, kutoka juu mpaka ya chini kabisa, akitafuta mawe na vumbi. Dédé alisimama, akangoja bila kunung'unika.

Yalikuwa makala mazuri. Adolphine alinyooka, akapangusa mikono yake, akamlipa.