Kidonda Chini ya Mkanda

Kila asubuhi muuza maji alimfunga punda wake kwenye mkokoteni, akajaza madumu kisimani, kisha akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Punda huyo, jike la kijivu, aliitwa Kimya kwa sababu hakuwa na kelele. Mgongo wake ndio uliolisha familia: mke, mama mkwe na watoto.

Siku moja Kimya alisimama katikati ya njia. Muuza maji akamchapa fimbo. Kimya akalaza masikio nyuma, hakwenda.

"Leo mke mdogo amekununia!" mshona viatu alimtania kutoka kibarazani.

"Kiburi tu," muuza maji alijibu, akachapa tena.

Kimya akapiga magoti. Mkokoteni ukainama, madumu yakabingirika, maji yakamwagika yote. Mshona viatu aliacha kucheka, akaja kusaidia kumwinua.

Nyumbani mke alisema, "Baba watoto, mnyama huyu anaumwa. Mwite bwana mifugo."

"Kidonda cha mgongoni nimeshakipaka dawa."

"Dawa gani?" mama mkwe aliuliza. "Oili chafu ya gari?"

"Hata marehemu baba alipaka hiyo hiyo, mama."

"Na punda wa baba yako wako wapi?"

Muuza maji alikwenda kumwita bwana mifugo.

Bwana mifugo alilegeza polepole mkanda wa mkokoteni uliopita mgongoni. Kitambaa cha chini yake kilikuwa kimegandana na nyama. Alipokilowesha na kukibandua, kilionekana kidonda kipana kama kiganja, kinanuka.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza. Lakini hajawahi kulia, bwana. Nikajua hakimuumi."

"Punda huficha maumivu. Porini, mnyama anayeonyesha udhaifu huwindwa kwanza. Kwa hiyo usisubiri kilio. Tazama masikio yake. Tazama kama anakula. Kagua kila mahali mkanda unapogusa. Alipokataa kwenda, alikuwa anakwambia."

"Na oili?"

"Inaunguza nyama na kuingiza sumu mwilini. Osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo. Dawa ya kupaka nitakupa mimi."

Kisha akaugeukia mkokoteni. "Madumu unayapanga vipi?"

"Yote mbele. Nyuma huwa wananiibia. Mbele nayaona."

"Yapakie hivyo hivyo. Sasa ingia wewe mahali pa punda, uinue."

Muuza maji aliinua miti ya mkokoteni. Jasho likamtoka. Hakufika mbali akashusha.

"Na hapo huna kidonda," bwana mifugo alisema, bila kucheka. "Uzito wote wa mbele unamlalia yeye. Panga madumu juu ya ekseli, chuma kinachounganisha magurudumu, ili magurudumu yabebe. Mkanda uwe mpana na laini. Na punda apumzike mpaka ngozi ifunge."

"Tutakula nini?"

"Hilo sina dawa yake. Ukimfunga sasa, atakufa. Hata kama asingekufa, maumivu yake ni maumivu. Kumnunua hakukukupa haki ya kumtesa."

Muuza maji alimtazama mkewe.

"Baba," mama mkwe alisema, "mikono si unayo?"

Kesho yake mume na mke walisukuma mkokoteni wenyewe. Walibeba madumu machache. Wateja wengine walihamia kwa muuza maji mwingine, na mlo wa jioni ukapungua. Mshona viatu aliwashonea mkanda mpana, akautandika blanketi kwa ndani. Mke alikiosha kidonda kila siku.

Ngozi ilifunga. Juu yake yakaota manyoya meupe. Kimya alirudi kazini akiwa na madumu juu ya magurudumu, na alivuta bila kusimama. Wateja wakaanza kurudi. Ile fimbo mama mkwe aliitia jikoni, ikawa kuni.

Lakini jua likiwaka, muuza maji akiinua mkono kufuta jasho, Kimya hushtuka na kulaza masikio. Siku ya kwanza muuza maji alidhani punda ameona nyoka. Siku ya pili alielewa: mkono huo ndio ulioshika fimbo.

Tangu hapo, akitaka kufuta jasho, kwanza husimamisha mkokoteni. Kisha husogea nyuma, mahali ambapo Kimya hamwoni.