Mama Aliyeogopa Mukojo wa Mutoto

Kila asubuhi Honorine alipimia binti yake Plamedi maji ya kunywa. Kikombe kimoja cha plastiki, cha siku nzima.

Maji hayakukosa. Bidon, dumu lao la maji, ilijaa, ilikuwa pale pembeni. Shida ilikuwa choo. Tangu vita iwatoe kwao Mudzipela, walilala chini ya shitingi, turubai la plastiki, kambini, karibu na uwanja wa ndege wa Bunia. Vyoo vilikuwa mwisho wa kambi, kwenye majani marefu. Vijana wenye bunduki walikaa pale. Juma lililopita walimukamata binti mumoja. Honorine hakutaka kusikia zaidi.

"Mama, kiu."

"Ukikunywa utakojoa. Ukikojoa utaenda kule. Vumilia."

Plamedi, mutoto wa miaka kumi, akavumilia. Wamama wengi walijinyima maji vile vile, wakaona ni akili.

Siku ya tano ya kupimiwa, jua kali, Plamedi akaanguka kwenye foleni ya unga. Midomo ilipasuka, macho yalizama. Honorine alimubeba mpaka kwa shitingi, akakaa tu. Alichoka hata kulia.

Jirani yao Emérance, aliyekuwa muganga wa hospitali kule Iga Barrière kabla ya vita, akaingia kwa kuinama.

"Alikojoa lini?"

"Jana asubuhi. Kidogo, nyeusi kama chai kavu."

"Na anakunywaka mayi ngapi?"

Honorine akasema yote.

"Ee Mungu! Bidon iko hapa, na unakausha mutoto?"

"Afazali akauke kuliko wamukamate! Weye ulizaa wanaume tu, utajua nini?"

Emérance akakaa juu ya bidon. "Utanitukana kisha. Sikiliza kwanza. Hapa mugongoni, chini ya mbavu, tuko na mafigo mbili, kama ngumi. Zinachuja damu, uchafu unatoka na mukojo. Mayi ikipunguka, bongo inasikia. Inatuma mujumbe ndani ya damu, jina yake homoni. Homoni inaambia mafigo: rudisheni mayi, musimwange. Ndiyo maana mukojo inakuwa kidogo na nyeusi."

"Basi mwili inajichunga."

"Siku kidogo tu. Homoni haichotake mayi ku kisima! Inachunga ile yenye iko. Mayi ikikosa kabisa, uchafu unabaki ndani, mafigo zinaanza kufa."

"Za Plamedi zimekufa?"

"Sijui. Tutajua akikojoa. Kama hapana mpaka saa kumi, tunamupeleka hospitali. Na akishindwa kumeza, tunaenda sasa hivi."

Walichukua litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Wakatia vijiko vidogo sita vya sukari, bila kuvijaza mlima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Honorine akamunywesha kijiko kwa kijiko. Mutoto alimeza.

Emérance akaita wamama wa mustari wao. "Kila shitingi itafute ndoo yenye kifuniko na majivu. Watoto wakojoe ndani, nyuma ya kitambaa cha kikwembe. Asubuhi na mangaribi tunaenda kumwanga pamoja. Hakuna mutu kwenda peke yake."

"Siye kumi, na ndoo kumi za mukojo!" akasema Bénédicte wa shitingi ya pili. "Mwenye bunduki gani atatusogelea?"

Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka.

Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Honorine alikuwa angali na kijiko mukononi.

"Mama," Plamedi akasema polepole. "Mukojo."

Honorine akasimamisha kikwembe kwa mikono miwili. Akasikia ndoo inalia. Akainama kuangalia: mukojo bado ni wa manjano nzito, lakini ni mwingi. Akakaa chini, akanyoosha miguu, machozi yakatoka.

"Ongeza kikombe," Emérance akasema.

Vita haikuisha siku ile. Lakini baada ya juma moja Plamedi alikuwa anakunywa bila kupimiwa, na mukojo wake ulikuwa karibu mweupe kama maji. Mama unayesoma hii, angalia leo rangi ya mukojo wa mutoto wako. Ukiona ni kidogo na nyeusi, mupe maji, na usingoje aanguke.