Miiba Juu ya Kisima cha Chome

Ndugu zangu wa Kinango, ninyi mnaochimba maji katika mchanga wa mto uliokauka, hadithi hii ni yenu.

Asubuhi hiyo kulikuwa kumetulia. Chome alishuka mtoni taratibu, panga begani, akimtafuta ndama wake aliyepotea tangu jana. Nyuma yake alimsikia mkewe Kavumbi akiimba huku akitwanga mahindi. Moyo wake ulikuwa mweupe, maana visima vya wenzake vilikuwa matope na chake bado kilikuwa na maji. Mnaijua desturi yetu: aliyechimba hufunika kisima kwa matawi ya miiba, na anayeyaondoa bila ruhusa ni mwizi.

Akakuta miiba imetupwa kando. Jirani yake Mramba alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, mkono mmoja ndani ya kisima.

"Leo nimekupata," Chome alisema.

Mramba aligeuza kichwa. "Ngoja, mwenzangu, nisaidie ku..."

Hakungoja. Panga lilimshukia Mramba begani, likapanda, likashuka tena kwenye kiwiko. Damu ikaruka mchangani. Mramba hakuachia alichoshika mpaka mkono wenyewe ulipokataa. Ndipo Chome akasikia kishindo cha maji na mlio aliouzoea. Akachungulia. Ndama wake alikuwa akizama, kamba ingali shingoni.

Msomaji, Chome hakukimbia. Aliketi, panga mapajani, hata wachungaji wa ng'ombe walipokuja kumfunga Mramba jeraha na kumtafutia bodaboda.

Habari ilimfikia Shutu, mdogo wake Mramba, kabla ya bodaboda kupatikana. Yeye na vijana wake walimburuta Chome hadi uani kwa Shutu, wakampiga kwa fimbo za ng'ombe mpaka jicho moja likafumba. Kavumbi alikuja mbio akamlalia mumewe, wakamtupa kando.

"Una kiu?" Shutu aliuliza, akimmwagia petroli. "Kunywa basi, bwana mwenye kisima."

Njia ya hospitali hupita mbele ya boma hilo. Bodaboda ikasimama, Mramba akashuka ameegemezwa na dereva, shuka lake limelowa damu.

"Shutu, weka hicho kiberiti."

"Kaka, mkono huo hautapona."

"Najua. Ni wangu." Alivuta pumzi. "Yesu alinisamehe mimi nilipokuwa mbaya kuliko huyu. Nikifia njiani leo, nitamwambia nini?"

Kisha akaanguka. Shutu akatupa kiberiti, akamtemea Chome mate, akambeba kaka yake.

Mkono ulikatwa hospitalini. Chome alijipeleka polisi mwenyewe, akafungwa. Na huko gerezani, mgeni wake wa kwanza alikuwa Mramba, akifunua Injili kwa mkono uliobaki. Chome alilia hadi askari akamwuliza kama amefiwa. Siku hiyo alimpokea Kristo.

Alipotoka hakuweza kunyamaza. Alizunguka visimani akisimulia alivyotenda na alivyosamehewa. Wengine walimcheka. Shutu alimpiga ngumi, likamtoka jino.

"Kawahubirie mbuzi," alimwambia.

Kesho yake Chome alirudi, mdomo umevimba. "Habari za asubuhi, Shutu. Jana sikumaliza."

Kiangazi kilichofuata, Shutu alikuta miiba ya kisima chake imeondolewa, na Mwinga, mtu wa kijiji cha pili, amechuchumaa hapo. Panga likapanda. Chome, aliyekuwa akinywesha ng'ombe wa Mramba karibu, alikimbia akayadaka makali kwa kiganja. Damu ikamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Chungulia kwanza," alisema.

Shutu akachungulia. Hapakuwa na ndama. Kulikuwa na madumu ya Mwinga, yamejaa.

"Ameiba kweli," Shutu alisema.

"Basi ndiye wa kusamehewa. Mimi nilimkata asiyeiba, na nikasamehewa."

Shutu alikitazama kiganja kile. Kisha akaachia panga, akachana shati lake, akaanza kukifunga. "Sema," alinong'ona. "Maliza yale ya siku ile."

FUNZO

Ndugu zangu, hasira huona mwizi pale alipo mwokozi. Mungu hakungoja tuwe wema ndipo atupende. Alitupenda mikono yetu ikiwa na damu. Aliyeonja msamaha huo asiufunike kwa miiba kama kisima cha mchoyo. Aende akawaambie wengine, akianza na yule aliyemng'oa jino.